Siku ya Kweli ya Baba Yako

Sangju, Gyeongsang Kaskazini,
20 Julai 2005.

Mpendwa mwanangu Byeong-uk,

Pokea salamu za nyumbani. Naomba zikukute mzima huko São Paulo, na baridi ya huko iwe haijakuamshia pumu. Mgongo wa mkeo Mi-gyeong unaendeleaje? Kazi ya kushona ni nzito, mwambie apumzike.

Mimi nikikaa sijambo, nikisimama sina hakika. Daktari wa mapafu hakunificha: sikukuu ya mavuno sitaiona. Mvua imenyesha wiki tatu, ukuta wa jikoni umeota ukungu.

Barua yako ya mwezi wa tano nimeisoma mara nyingi. Unasema ile filamu ya vita, ya ndugu wawili, imefika katika maduka ya Wakorea mtaani kwenu, na kwamba kwenye diski ya pili, wanapohojiwa wazee waliopigana, uliiona sura yangu ukalia. Unasema tarehe tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda ya zamani, mkishaweka meza ya tambiko la baba yako, watoto watayasikia maneno yangu kabla hawajasujudu.

Usiwasikilizishe. Nilisema uongo.

Mjukuu wangu alipoileta diski hiyo tuliitazama sote sebuleni. Mdogo anambeba kaka yake mgongoni, anavuka naye mto, risasi zinapasua maji. Mjukuu akanigeukia na machozi tele: “Babu, na wewe ulimbeba babu mkubwa hivyo hivyo?” Nikamjibu kwamba nilimbeba. Ni kweli, kwa hatua kama mia mbili.

Unajua kwamba baba yako, kaka yangu, aliacha shule ili mimi nisome. Hata jeshini aliniita Mwalimu kwa utani. Siku tulipoamriwa kurudi nyuma, ng’ambo ya mto Nakdong, risasi ilimvunja paja. Nikamtia mgongoni. Hakunyamaza njiani: “Taratibu, Mwalimu, umebeba mtu, si gunia la shayiri! Kesho Baekjung, wenzetu kijijini wanaweka majembe chini wanywe pombe ya mchele. Ukinifikisha, bakuli la kwanza lako.”

Baekjung ni tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba. Ndivyo ninavyoijua siku.

Makombora yakaanza, tukaanguka kwenye shamba la mtama. Mto ulikuwa mbele yetu, karibu kama kisima chetu na lango. Nikainuka peke yangu. Akanishika mshipi wa suruali kwa mikono miwili. Hakutania tena. “Chan-seop, usiniache. Shemeji yako ana mimba.”

Mimba hiyo ni wewe.

Nikaufungua mshipi nikamwachia mikononi. Nilivuka maji ya kifua nikishikilia suruali, na ng’ambo wenzangu wakanicheka: “We kuruta, hata suruali imekushinda?” Nilicheka nao. Nilipogeuka, shamba lote lilikuwa linawaka. Hakutoka mtu.

Bibi yako aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia tulipotezana kwenye moshi. Kwa miaka kumi na miwili alimwekea bakuli la wali lenye kifuniko, chini ya blanketi, pale sakafu inaposhika joto la jiko, ili akirudi asikute chakula kimepoa. Hatimaye wazee wa ukoo wakaamua apewe tarehe tisa ya mwezi wa tisa, siku ya wale ambao haijulikani walikufa lini. Mimi nilikuwa nimekaa palepale. Ningeitaja siku, wangeuliza nimeijuaje.

Kwa hiyo miaka yote hii roho ya baba yako imekuja siku yake ikakuta mlango umefungwa na jiko halina moto. Mama yako alisujudu siku isiyo yake mpaka akazikwa huko ugenini. Na vijana wa filamu walipokuja na kamera, niliwapa moshi uleule, kwa ufasaha nilioupata kwa jasho lake.

Sasa nisikilize. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa saba, kwa kalenda ya zamani, mwaka huu inaangukia Agosti 18. Barua hii itakuwahi. Weka meza siku hiyo, na bakuli la kwanza la pombe ya mchele liwe lake. Watoto uwaambie sababu au usiwaambie, wewe ndiye baba yao. Ile tarehe tisa, Oktoba, usiweke kitu.

Siku yangu mimi mtapigiwa simu saa ileile, hakuna atakayeikosea. Pale mlimani nimeachiwa nafasi kando ya kaburi lake tupu. Wewe, mwana wa kaka mkubwa, ndiye mkuu wa nyumba yetu. Ukisema nisilale pale, wanangu nimewaagiza wakutii bila kuuliza. Ukisema nilale, waambie wanivike sanda bila mshipi.

Nisalimie Mi-gyeong, na Rogério na mdogo wake Su-in. Shangazi yako Ok-bun anakusalimu; yeye bado hajui. Mababu wakulinde, wazao wako wasijue kamwe uzito wa ndugu mgongoni.

Ni mimi nikupendaye, ambaye umeniita baba mdogo maisha yako yote, nami nikaitika,

Chan-seop