Mshenga wa Vyama Viwili

Shangazi Bupe mpendwa, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nitaumbuka.

Mimi ni mjane wa hapa Springfield, mume wangu alifariki mwaka jana baada ya kuugua muda mrefu, na aliyekuwa akinisaidia kumgeuza kitandani na kumnyoa ndevu ni kijana muuguzi nitakayemwita Kipngetich, akimnyoa huku anamwimbia nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya mpaka mgonjwa anacheka na povu la sabuni mdomoni, nami hadi leo nikiosha vyombo bado nazisikia. Kijana huyu aliletwa Marekani na mama yake akiwa na miaka minne, Kenya haikumbuki, lakini kibali chake cha kuishi hapa ni cha kuomba upya kila mara, na kila uchaguzi ukikaribia anaanza kuwagawia watu vitu vya chumbani kwake kama anayengoja kufukuzwa nchini, nikimwuliza anasema, "Auntie, ni usafi tu."

Basi watu wa kanisani kwetu tukaanza kwenda kwenye ofisi za wabunge wa vyama vyote viwili, tukiwaomba watunge pamoja sheria ya kuwalinda watu kama yeye kabla mwaka wa uchaguzi haujaingia. Kwa Republican tulipokewa na msaidizi anayeitwa Ryan (majina nimeyabadilisha, ila Ryan nimemwacha Ryan kwa kuwa wako wengi), akasema, "Mama, sisi tuko tayari, wale ndio hawataki kusikia habari ya kulinda mpaka." Kwa Democrat tukampata msaidizi Jabali, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, akaniamkia shikamoo vizuri kuliko wanangu, halafu akasema, "Mama, sisi hatuna tatizo. Wale ndio hawana huruma."

Shangazi, mimi nimekuwa mshenga wa ndoa kadhaa hapa Virginia na kule Maryland, na zote zimesimama, kwa hiyo niliposikia maneno yale nikajua hawa ni wakwe wanaoogopana tu. Nikampigia Ryan nikamwambia bosi wa Jabali amekiri kuwa mpaka usiolindwa ni aibu, nikampigia Jabali nikamwambia bosi wa Ryan alisikia habari za Kipngetich akatokwa machozi, akaomba kitambaa. Hakuna aliyekiri, hakuna aliyelia, na kitambaa nimekiongeza mwenyewe. Sasa Ryan na Jabali wote wawili wanakuja kwangu Jumamosi kula pilau, na kila mmoja ameniahidi kumshukuru mwenzake kwa maneno mazuri ya bosi wake. Kipngetich hajui lolote, nilitaka iwe furaha ya ghafla. Je, nijilaze niseme naumwa, au niombe Mungu pilau iyafunike?

Mjane, Springfield

*

Mama yangu, pole sana. Mume aliyeugua huku ananyolewa na kuchekeshwa ameondoka akiwa ametunzwa. Pole nimeshatoa, sasa sogea nikuseme.

Mshenga hupaka asali kwenye maneno yaliyosemwa. Wewe umeleta asali, nyuki na mzinga. Na kile kitambaa, Mama, kilikuwa cha nini? Machozi hayakutosha?

Nia yako siilaumu. Sheria ya chama kimoja ni chandarua kilichofungwa kona mbili: uchaguzi ukitikisa kitanda, kinamwangukia aliyelala. Lazima pande zote mbili zishike, tena sasa, kwa sababu mwaka wa uchaguzi ukiingia kila chama kitaona ugomvi unalipa kuliko suluhu. Mmoja atameza mambo ya mpaka, mwingine atameza mambo ya vibali, na wote watakunja uso. Lakini wameze maneno yao, si yako. Wakigundua siku ya kuipigia kura sheria hiyo bungeni kwamba waliunganishwa kwa uongo, watapata sababu nzuri ya kukimbia, na atakayebaki nje ni kijana wako.

Kwa hiyo usijilaze. Mpigie Ryan umwambie, "Nilikudanganya, bosi wa Jabali hakusema vile." Atanuna, lakini wasaidizi wa wanasiasa hupona haraka wakidanganywa, wamezoea. Kisha mwulize ni jambo gani moja bosi wake anaweza kumpa mwenzake bila kukosa usingizi. Jabali naye mwulize vivyo hivyo. Majibu hayo ndiyo ya kupeleka, hata yakiwa madogo na makavu. Wakifuta safari, rudi ofisini kwao na watu wa kanisani wanaopigia kura vyama vyote viwili. Mbunge hamwogopi mjane, anaogopa foleni.

Lakini kosa lako kubwa hata hukuliuliza. Umekwenda kwa wakwe huku na huku, umetunga, umenunua nyama, na mwenye ndoa hana habari! Maisha ya mtu mwenye kibali cha mashaka hayatembezwi ofisini kama kadi ya mchango. Kabla ya Ryan na Jabali, mpigie Kipngetich. Mwombe radhi, kisha mwulize kama anataka kuja. Akikataa, wageni washibe waende zao, na jina lake lisitajwe tena. Akikubali, mpe kiti katikati yao, wewe nenda jikoni, na wakimwuliza kwao ni wapi, funga mdomo wako. Ajibu mwenyewe.