Baba Amekula Mikumi

Jumatatu, 6 Agosti 1973
Nimemenya vitunguu kikapu kizima. Macho yanawaka. Bwana Luk, Mfaransa, mpishi mkuu wa hoteli yetu hapa Mikumi, amerudisha mchuzi wangu mara mbili. Mara ya tatu akanyamaza. Akinyamaza, umefaulu.
Mwisho wa mwezi anarudi kwao. Meneja amesema jiko litakuwa langu nikitaka. Ninataka.

Jumanne, 7 Agosti
Barua ya Baba kutoka Mamboya. Anakuja Jumamosi kunichukua. Anasema wenzangu wanalima shamba la kijiji, mimi nawapikia watalii. Na binti wa hotelini haposwi. Nimekasirika. Halafu nimeogopa. Sijawahi kumkatalia Baba.

Alhamisi, 9 Agosti
Nimeomba Baba ale hapa, mezani, kama mgeni. Meneja amekubali. Bwana Luk anataka apikiwe kuku wa mvinyo, fahari ya kwao. Baba hajaonja pombe maisha yake yote. Kumlisha kwa siri siwezi. Nimesema nitatia ukwaju badala ya mvinyo. Bwana Luk amepiga meza kwa kiganja. Hajanisemesha tena.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimejaribu. Mchuzi mkali mno. Nimejaribu tena, na asali kidogo. Mzuri! Nilipogeuka, Bwana Luk akachovya kijiko. Nimemwona.

Jumamosi, 11 Agosti
Baba amefika mchana. Koti la kanisani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama.
Kwanza aliletewa sahani pana yenye vipande vitatu vya samaki na jani moja. Akamuuliza mhudumu, "Mgonjwa ni nani?" Nilisikia kutoka mlango wa jikoni. Nilitamani ardhi inimeze.
Kisha kuku. Alisali. Alikula polepole, hakuinua kichwa. Mwishoni akaweka uma chini, akamega mkate kwa mkono, akafuta nao mchuzi. Wazungu wa meza ya pili wakamtazama. Bwana Luk akatoka jikoni, akaketi karibu naye, akamega mkate, akafuta sahani ile ile. Akasema kwao nyumbani ndivyo wanavyokula. Baba akacheka. Sikumbuki lini nilimsikia akicheka mbele ya mgeni.
Akaniita.
"Umepika wewe?"
"Mimi, Baba."
"Peke yako?"
"Peke yangu."
"Basi baki. Lakini Krismasi uje umpikie mama yako."
Nimelia stoo, nimekalia gunia la mchele.

Jumapili, 12 Agosti
Nimemsindikiza kituoni. Basi la Kilosa lilichelewa. Tulikaa bila maneno mengi, na haikuwa vibaya. Alipopanda, nilimsikia akimwambia kondakta, "Yule binti yangu. Ndiye mpishi mkuu hapa."
Bado sijawa. Sikumsahihisha.
Nimerudi kwa miguu. Upepo mzuri.