Jina la Babu Halizami Baharini

Kaka Salimu,

“Mtoto aliyezaliwa Johannesburg hana kwao, na jina langu halitazurura huko.” Ulinitupia maneno hayo ukinisindikiza stendi. Umekosea, Kaka, na leo nimepata shahidi.

Hapa Troyeville, mtaa wa Johannesburg anakoishi mwanao, baridi inakausha midomo, lakini jua linawaka na vitumbua vya mkweo vimenituliza. Asubuhi jirani yao, mzee wa Kimarekani, alikuja kumwona mjukuu wako. Huku akitafuna, akatueleza anavyowatafuta wazee wake wa kale. Walitoka Uskoti wakaenda Ayalandi, kisha wakahamia Amerika ilipokuwa bado koloni la Waingereza. Huko wakahama bonde hadi bonde, na makaburi yao hayana hata jiwe.

“Sasa unawatambuaje?” nikambana.

“Kwa majina, mama. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Nikimpata Robert mwana wa John, najua mwana wa kwanza wa Robert nimtafute kwa jina la John.”

Mwanao Hamisi akaangua kicheko. “Eish, mzee, kumbe nyinyi ni watu wa Tanga!”

Wale walivuka bahari mara mbili, Kaka, na jina halikuzama. Lako ndilo litamezwa na mto Limpopo?

Mtoto ni mzima, ana paji lako la uso, na ubishi wako pia. Akika ni Jumamosi. Mpigie Hamisi kesho, utamke mwenyewe kwamba mtoto aitwe Salimu. Nawe Wifi Mwanaidi, akikataa, mnyime chai mpaka apige.

Dada yenu awapendaye,
Rukia