Wanunuzi Tisa wa Nyamarambe

Eldoret, 9 Februari 2024

Mama mpendwa,
Hamjambo huko? Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima.
Utafiti wangu wa mwisho chuoni unahusu masoko. Napima jinsi soko linavyoshikwa na wachache, na kama pengo kati ya matajiri na maskini linapanuka wakati huohuo. Nimechagua ndizi za Nyamarambe. Nikumbushe, nilipokuwa mdogo kulikuwa na wanunuzi wangapi?
Mwanao, Kwamboka

Nyamarambe, 2 Machi 2024

Kwamboka wangu,
Sisi hatujambo. Goti linauma asubuhi tu.
Walikuwa tisa. Ukikataa bei ya Masese, unahamia kwa Ruth, naye anakukaribisha chai kwanza. Ulikuwa ukilala juu ya magunia huku sisi tunabishana na kucheka. Siku ya soko ilikuwa kama sherehe.
Sasa lori linalokuja kununua ni la mjomba wako Josiah tu. Wengine alinunua biashara zao, moja baada ya nyingine. Akitaja bei, tunapokea, maana ndizi zinaiva.
Usimtaje. Ndiye anayekulipia karo.
Mama yako

Eldoret, 20 Juni 2024

Mama,
Habari za nyumbani? Kijiji kimevuna vipi?
Nimemaliza hesabu. Kadiri wanunuzi walivyopungua, ndivyo pengo la mapato lilivyopanuka. Mwalimu anasema hiyo haithibitishi kwamba jambo moja limeleta lingine, ila yamekwenda pamoja miaka yote kumi niliyopima. Jina la mjomba sijaandika, lakini kila mtu huko atamjua. Karo ya muhula wa mwisho bado. Nifiche kazi hii?
Kwamboka

Nyamarambe, 11 Oktoba 2024

Mwanangu,
Salamu nyingi. Nisamehe kwa kukaa kimya.
Nilimwendea Josiah mwenyewe. Nikamweleza ulichoandika. Akasema, "Dada, mimi nilifanya kazi tu." Nikamwambia, "Ulifanya, hakuna anayekataa. Lakini zamani nilikuwa nauza. Siku hizi napokea tu." Karo hakutuma.
Nimekodisha shamba la chini kwa miaka mitatu. Karo imelipwa. Peleka kazi yako kama ilivyo.
Josiah hajafika hapa tangu Agosti. Utotoni tulilala kitanda kimoja, akiogopa radi ananishika mkono. Sabato iliyopita nilimpikia, chakula kikapoa.
Ukipewa tarehe ya kuhitimu, mwandikie wewe umwalike. Nitakaa karibu naye.
Mama yako