Mume Wangu Anatafutwa Mlimani

Nyumba ya wageni ya Doña Eusebia,
Qhantawi, Bolivia.
9 Juni

Mpendwa Kiroboto wangu,

Hujambo wewe? Na shangazi je, goti limepoa au bado analilalamikia kila mvua ikinyesha? Paragwai bado kuna joto? Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa baridi na nimekonda kidogo. Mama usimwambie hilo la kukonda.

Wiki ya tatu hii natembea peke yangu na begi mgongoni. Nikuambie kitu? Nilidhani nitaogopa mbwa, giza, kupotea njia. Wapi! Kinachonichosha ni swali moja, naulizwa kila ninaposhuka: "Uko na nani?" Mwanamume akifika peke yake anaulizwa anakwenda wapi. Mimi naulizwa mwenzangu yuko wapi, utafikiri nimemsahau kwenye basi.

Lakini raha yake, wacha we! Wiki iliyopita nilifika njia panda, nikakaa juu ya jiwe nusu saa nzima, hakuna wa kuniambia twende huku. Nikala mkate wangu, nikashika njia ya kushoto kwa sababu tu kushoto kulikuwa na jua. Maisha yangu yote sijawahi kuchagua kitu kwa sababu ya jua.

Sasa sikia balaa. Si ulinivisha ile pete ya bati, ukaniambia nikiulizwa niseme nina mume, yuko nyuma anakuja? Nimefuata. Madereva wakisikia hivyo wananyamaza wenyewe. Basi Jumatatu nilipofika hapa, Doña Eusebia, mama mwenye nyumba, akaniuliza, nami nikajibu bila kufikiri: mume wangu anakuja kwa miguu, anavuka mlima. Jina lake? Wilfrido. Ndiyo, yule ng'ombe wa babu! Ndilo jina lililonijia.

Huku ni msimu wa viazi vya baridi. Usiku vinaachwa nje vigande, asubuhi tunavikanyaga pekupeku kuvitoa maji, kisha vinakaushwa. Nami nakanyaga nao, nyayo zimekufa ganzi. Na kila jioni Doña Eusebia akishanipa supu anafunika bakuli la pili, analiweka kando ya jiko. La Wilfrido. Asubuhi analila yeye, limelala. Siku nne hizo!

Jana wanawake wakaacha kukanyaga, wakanizunguka.

"Dada, huyo mumeo ni mrefu?"

"Wa kiasi tu."

"Ana alama yoyote?"

Nikababaika. "Paji pana. Mpole. Anatembea polepole."

"Ndiyo maana hajafika!" mmoja akasema. Wakacheka, lakini nusunusu, maana mlima ule umeshaua watu.

Kumbe walikuwa wanakusanya maelezo. Leo saa kumi na mbili jioni redio ya mji wa jirani itamtangaza Wilfrido, na kesho alfajiri wanaume kumi na wawili wanapanda na kamba kumtafuta. Wakati huo viazi vyao viko chini, na baridi hii ni ya siku chache tu. Ikipita kabla hawajamaliza, chakula cha mwaka kinaoza.

Leo asubuhi nikashindwa. Nikamfuata Doña Eusebia jikoni, nikamwaga yote. Hakunifokea. Aliliangalia lile bakuli.

"Ndiyo maana hujawahi hata kuutazama mlima kuona kama anakuja," akasema. Kisha: "Hao madereva waongopee tu, mwanangu, hata mimi ningewaongopea. Mimi nilikukosea nini?"

Ah, Kiroboto! Wewe na mimi tuliutunga uongo ule kwa ajili ya watu wabaya. Hatukuwaza hata kidogo ukimwangukia mtu mwema itakuwaje.

Nikamwomba awaambie watu kwa niaba yangu. "Thubutu! Mdomo ni wako. Saa kumi na moja wanakutana uwanja wa shule. Simama useme."

Nikisimama, kijiji kizima kitajua natembea peke yangu, na habari huku zinatangulia magari. Madereva wote wa njia ninayoelekea watajua. Nikikimbia, itabidi aseme yeye, na watamcheka mama wa watu aliyempikia ng'ombe supu siku nne.

Nisalimie shangazi, mjomba Crispín, na pacha wa Nilda. Mungu awalinde wote, na wewe akupunguzie ubishi.

Sasa ni saa nane na nusu. Lori la kwenda La Paz linaondoka saa tisa, nalisikia linapasha moto. Barua hii nampa dereva aipeleke posta, niwe ndani ya lori au nisiwe. Utakapoisoma nitakuwa nimeshaamua. Lakini wewe niambie ukweli, usinipambe: ungepanda lori, au ungekwenda uwanjani?

Ni mimi nikupendaye hata ukinicheka,
Yerutí