Kitanda cha Baba Mkwe

Efrazia, dereva wa hoteli anakuja huko Nyarero sasa hivi, naandika haraka. Nimetandika kitanda cha baba mkwe. Mimi, kwa mikono hii.

Nyika yote huku imekauka, ni hapa hotelini mtoni tu penye kijani, kwa hiyo wageni hawaishi kuja. Jana meneja akasema wanakuja wajumbe wa vijiji vya ujamaa, wana semina. Majina hakutaja. Nikatandika.

Bado nimeinama, nachomeka shuka, mlango ukafunguka. Ni yeye. Mimi ambaye, kwa mwiko wetu wa mkwe, hata kigoda chake sijawahi kukigusa! Nikimwona njiani naingia majanini.

Akageukia ukuta. Meneja nyuma yake anacheka, "Karibu mzee! Huyu Waisiko ndiye fundi wetu wa vitanda."

Baba mkwe akauambia ukuta, "Mke wa mwanangu asirudi nyumbani mpaka wazee wakae."

Meneja akauliza, "Mke yupi tena, ndugu?"

Ukuta, Efrazia. Aliuambia ukuta.

Na Ghati wangu yuko huko, kwa mama mkwe. Ndiyo kwanza anajifunza kusema. Ukipita, mwangalie tu kama amekula. Usimwambie kitu.

Sikulia. Niliendelea na vyumba vingine.

Asubuhi hii wameondoka, nikaingia. Alilala sakafuni. Kitanda kiko vilevile nilivyokiacha, hata mkunjo hakuna.

Meneja akachungulia, "Una bahati, hicho hakina kazi leo."

Nikayatoa mashuka. Yalikuwa safi kabisa. Nikayafua.