Jina ya Kabeya

Kasanda, nakuandikia mara moja, miguu ingali na matope. Kabeya! Leo njo leo!

Jana, kabla ya mbio ya baiskeli, alimuonyesha chef wa mashindano pale nilikwaruza "Léon" kwenye usukani wa kinga yangu. "Citoyen, huyu anatumia jina ya mission, na Authenticité ya serikali imekataza majina ya wazungu!" Yeye! Tulibatizwa siku moja!

Chef akanitoa kwenye mbio ya jana. Akanipa panga, coupe-coupe, nifanye salongo, kazi ya bure: nikate majani kwenye njia yote ya pori ya mbio ya leo, peke yangu. Watu walicheka. Kabeya alicheka kuwashinda wote.

Sawa. Nilikata, nikajua kila muzizi, kila shimo.

Leo wakaniacha nikimbie. Pale tunapotelemka mutoni, Kabeya akaingia kwenye shimo, kinga juu, yeye chini. Mimi nikapita.

Mama yake akalia mbele ya watu wote: "Polycarpe! Polycarpe wangu!"

Chef akageuka. "Polycarpe njo nani?"

Kasanda, mimi njo nilimujibu.

Kesho Kabeya anafanya salongo. Coupe-coupe nimemupelekea mimi mwenyewe.

Sijainoa.